Nanga na Plau: Juu ya Kushika na Kuachia

Katika utenzi mkongwe wa Kiyunani unaonasibishwa na Homer, mzimu wa mwaguzi kipofu, Teiresias, unamwagiza Odysseus jambo la ajabu. Atakapokuwa amekwisha kurejea kwao kisiwani na kuwaondoa maadui waliomwingilia nyumbani, achukue kasia begani ashike njia ya bara, na azidi kwenda mpaka awafikie watu wasioijua bahari wala wasiotia chumvi katika chakula chao. Dalili ya kuwa amefika ni kukutana na msafiri atakayelitazama lile kasia na kudhani kuwa ni chombo cha kupepetea nafaka. Hapo alichomeke ardhini, atoe sadaka kwa mungu wa bahari, kisha arudi kwao akazeeke kwa amani.

Kisiwa cha Odysseus ni Ithaca, ambacho ulimi wa Mswahili hukitamka Itaka. Na ipo Itaka nyingine. Ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hapana anayedai kuwa majina haya yana udugu. Ni sadfa tu, lakini sadfa nayo humfungulia mtu mlango wa kufikiri. Itaka ya Mbozi ni nchi ya Wanyiha, nchi ya kahawa na mahindi, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita katika wilaya hiyo kuelekea mpaka wa Tunduma, na reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, hupita vilevile. Mawimbi hayafiki. Chumvi, bila ya shaka, watu wake wanaitia chakulani. Katika hilo Teiresias asingeridhika. Lakini kuhusu umbali na bahari, hapana mahali pafaapo zaidi kwa jaribio lake.

Basi na iulizwe hivi: lau msafiri kutoka mwambao angefika Itaka akiwa amebeba si kasia bali nanga, mkulima wa huko angeiitaje? Mbozi ni miongoni mwa sehemu ambako watu wamezoea kulima kwa maksai. Mkulima wa namna hiyo, akioneshwa shina la chuma lenye ulimi mpana uliochongoka, na pete ya kufungia kamba upande wa pili, jibu lake liko karibu: hilo ni plau. Baharia angecheka. Lakini kicheko chake kingekuwa cha haraka mno, kwani mkulima yule asingekuwa amekosea sana.

Mwaka 1933 mwanahisabati Mwingereza, Geoffrey Ingram Taylor, ambaye naye alipenda kusafiri kwa mashua ya tanga, alibuni nanga yenye umbo la plau lenye mbawa mbili. Mpaka hivi leo nanga za ukoo huo huitwa kwa jina la plau katika lugha za Ulaya. Aliyoyaona Taylor ni yale ambayo kila mwenye maksai anayajua kwa mikono yake: kwamba chuma huingia ardhini kwa sababu ya kuvutwa, na kwamba yote hutegemea pembe ya mvuto. Mnyororo utokao kwenye nira ukifupishwa, plau huinuka na kulima juujuu; ukirefushwa, plau huzama. Nanga nayo ni hivyo hivyo. Ikivutwa kwa kulala, sambamba na sakafu ya bahari, huzidi kuuma kadiri inavyovutwa. Ikivutwa kwa kwenda juu, hung'oka.

Hapa ndipo dhana ya watu wengi inapopotoka. Aghalabu hudhaniwa kuwa nanga hushika kwa uzito wake. Washairi wamechangia katika kosa hili, kwa kuwa nanga katika beti nyingi ni mfano wa kitu kizito kisichotikisika. Ni kweli kwamba wahenga wa mwambao walitumia mawe, na nanga za mawe za zama za kale zimepatikana Kilwa. Na hata leo mvuvi wa ngalawa huweza kufunga jiwe kwenye kamba, akalishusha penye utulivu, likamtosha. Lakini jiwe humtosha mtu maadamu upepo haujamtaka. Chombo kizima kikisukumwa na kusi, jiwe huburutwa kama kibuyu.

Kama uzito ndio ungekuwa nanga, basi nanga kubwa kuliko zote Afrika ya Mashariki ingekuwa huko huko Mbozi. Katika mteremko wa kilima cha Marengi kimelala kimondo cha chuma, chenye urefu wa kiasi cha mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa zaidi ya tani 10. Wenyeji walikijua tangu zamani. Wageni walipata habari zake mwaka 1930. Lilichimbwa handaki kukizunguka, kikaachwa juu ya nguzo ya udongo, na hapo kipo. Hakiendi popote, wala hakishiki chochote. Kilianguka, kikabaki. Tofauti ya kimondo na nanga ni tofauti ya mzigo na ahadi. Mzigo hukaa kwa sababu hauwezi kuondoka. Nanga hukaa kwa sababu ipo kamba inayoivuta, na upande wa pili wa kamba ile kipo chombo chenye watu ambao wangeweza kwenda.

Kwa hivyo siri ya nanga imo katika amari, yaani kamba yake. Nahodha mwenye busara hushusha tanga, huelekeza omo kwenye upepo au kwenye mkondo, husubiri mpaka chombo kisimame na kianze kurudi kinyumenyume, ndipo anaposhusha nanga. Haitupi kwa kishindo, asije akaitatiza na kamba yake mwenyewe. Huishusha mpaka iguse chini. Kisha hutoa amari kidogo kidogo huku chombo kikirudi, na baadaye huikaza ili makucha yaume. Halafu huchagua vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana, tuseme mnazi na mnara wa msikiti, na kuvitazama. Vikiendelea kupangana, nanga imeshika. Vikianza kuachana, nanga inalima.

Na amari itolewe kiasi gani? Kanuni ya kawaida ni walau mara 5 ya kina, ukijumlisha kimo cha omo juu ya maji, na pepo zikichafuka ni mara 7 au zaidi. Katika mwambao huu kanuni hiyo ina mtego. Maji ya bamvua Unguja hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Anayetia nanga maji yamekupwa, penye kina cha mita 3, na omo lake lina kimo cha mita 1, atapiga hesabu ya mita 4, atatoa mita 20 za amari, na kulala usingizi wa mwenye haki. Saa 6 baadaye maji yamejaa. Ile mita 4 imekuwa mita 8, na kamba yake, ambayo haikupungua hata shibiri, sasa ni mara mbili na nusu tu. Nanga haikubadilika wala kamba haikubadilika. Dunia iliyo kati yao ndiyo iliyoongezeka kina. Ataamka yuko mwambani.

Yako mafunzo mengi ya kimaadili yanayosemwa kwa maneno makubwa kuliko haya na yakawa na maana ndogo zaidi. Mzazi aliyempa mwanawe kamba iliyotosha utotoni, akaona imeshika, hudhani kwamba kamba ile ile itashika mtoto atakapokuwa kijana. Haifupishi, hana ukatili wowote. Anashangaa tu kwamba fundo lililokuwa likiwaunganisha sasa linang'oa. Naye hutafuta dawa kwa kukaza zaidi, yaani kwa kufanya hasa kile kinachoitoa nanga mchangani. Kinachohitajika ni kinyume cha silika yake: kuongeza kamba. Chombo chenye amari ndefu huyumba kwa duara pana, huelekea kusini maji yakijaa na kaskazini yakipwa, na mtu aliye ufukweni huweza kusema kwamba kimelegea. Kumbe hicho ndicho kilichoshikwa.

Pamoja na hayo, upana wa duara nao una haki za watu ndani yake. Chombo kilichotoa kamba ndefu katikati ya vyombo vilivyotoa kamba fupi kitawagonga jirani zake usiku upepo ukigeuka. Ndiyo maana katika bandari iliyosongamana mgeni huwauliza waliotangulia wametoa amari kiasi gani, naye hutoa kiasi hicho. Uhuru wa mmoja hupimwa kwa uhuru wa waliofika kabla yake.

Hadi hapa mambo ni mepesi, kwa kuwa kila mtu hukubali kwamba kushika ni wema. Ugumu huanza kwenye kung'oa.

Nanga haing'olewi kwa kukimbia. Anayetweka tanga na kuielekea bahari wazi huku nanga ikiwa chini hufanya jambo moja tu: huizidisha kuuma. Njia ya kuondoka ni kurudi. Mabaharia husimama omoni, huvuta amari, na kwa kuivuta hawaileti nanga chomboni, bali hukipeleka chombo kwenye nanga, mpaka kamba isimame wima na chombo kiwe juu kabisa ya kile kilichokishika. Hapo huifunga na kusubiri. Wimbi likipita huinua omo, na omo huinua nanga. Kwa mashua ndogo hapana budi kuwa na tahadhari, kwani wimbi kubwa huweza kulizamisha omo lililofungwa kwa kukaza mno. Ikikataa, chombo huzunguka na kuvuta kutoka upande uliokabiliana na ule ulioingilia, kama anavyofanya mtu kuchomoa mwiba.

Lakini iko sakafu ambayo haisikii haya. Mchanga hushika na kuachia. Mwamba na matumbawe hushika na hayaachii. Kwa ajili hiyo waliotutangulia baharini walibuni hila: kamba ya pili, nyembamba, hufungwa kichwani mwa nanga, upande wa makucha, na ncha yake hupelekwa juu kwa chilezo kinachoelea. Siku ya kuondoka, amari ikishindwa, kamba hii huvutwa, na nanga hutoka kinyumenyume kupitia tundu ile ile iliyoingilia.

Hapa ndipo swali la insha hii lilipo. Kamba ya kung'olea hufungwa kabla ya nanga kushushwa. Haiwezekani kuifunga baadaye, ila kwa kuzamia. Yaani nahodha, katika saa ile ile anapofika na kusema "hapa nitakaa", ameshaandaa namna ya kutoka. Je, aliyetia nanga hivyo ametia nanga kwa moyo mmoja? Bwana arusi anayehesabu gharama ya talaka siku ya harusi, mfanyakazi anayetafuta kazi nyingine siku anapotia saini, mhamiaji ambaye sanduku lake halifunguliwi miaka 10: hawa wote wana chilezo juu ya maji. Wapo watakaosema kwamba uaminifu wenye mlango wa nyuma si uaminifu, na kwamba anayestahiki bandari ni yule aliyekubali kukwama.

Hoja hii ina nguvu, wala haifai kuipuuza. Tena bahari yenyewe inaiunga mkono kwa namna isiyotarajiwa. Chilezo huonwa na kila apitaye. Huweza kutokea mgeni akadhani ni boya la kufungia, akalishika na kulivuta, na kumbe ameing'oa nanga ya mwenziwe aliyelala. Mlango wa kutokea, ukishawekwa, haumtii aliyeuweka peke yake. Katika ndoa, katika urafiki, katika ushirika wa biashara, ile njia ndogo ambayo mmoja aliiandaa kwa ajili ya dharura aghalabu huja kuvutwa na mkono wa mtu wa tatu.

Hata hivyo, hoja hiyo haisimami mpaka mwisho. Kwanza, kamba ya kung'olea haiipunguzii nanga uwezo wake wa kushika hata kidogo. Maadamu haikuvutwa, nguvu yote ya upepo hupita kwenye amari, na makucha huuma kama kawaida. Kujua namna ya kutoka si sawa na kutaka kutoka. Pili, ni lazima kuuliza kwamba asiyefunga kamba hiyo hufanya nini siku inapomlazimu kwenda. Naye huenda, hakuna chombo kinachokaa milele. Ila yeye huvuta mpaka kivunjike kitu. Ama atavunja nanga yake, ama atavunja kile kilichomshika. Tumbawe lililokua kwa miaka mingi hubomoka kwa mvuto mmoja. Ndiyo sababu katika hifadhi ya matumbawe ya Chumbe, iliyotangazwa mwaka 1994, kutia nanga kumekatazwa kabisa. Wako wapendwao ambao hali yao ni ya matumbawe: wanashika sana, na wanavunjika. Kuwaendea bila ya kufikiri namna ya kuondoka pasi na kuwajeruhi si moyo mmoja. Ni uzembe uliojipamba kwa jina la mapenzi.

Basi hukumu iliyo ya haki ni ile ya nahodha mzoefu, ambayo haitoi kanuni moja kwa kila pahali. Penye mchanga, ambapo nanga itatoka yenyewe kwa kuombwa vizuri, hafungi chilezo. Hana haja ya kutangaza mashaka yake juu ya maji. Penye mwamba hukifunga, kwa kuihurumia nanga na kuuhurumia mwamba. Swali si kama mtu ajiwekee njia ya kutoka. Swali ni njia ile amemwekea nani: nafsi yake ili asiumie, au yule atakayeachwa ili asiraruliwe.

Lipo bado jambo la mwisho, ambalo kila baharia huliogopa na kila mmoja lazima awe na kisu kwa ajili yake, nalo ni kukata. Odysseus alikata. Alipofika nchi ya majitu ya Laestrygonia, vyombo 11 vya msafara wake viliingia ndani ya bandari tulivu iliyozungukwa na majabali. Yeye alifunga chake nje. Majitu yalipowashambulia, alichomoa upanga akakata kamba zake na kukimbia. Chombo chake peke yake ndicho kilichosalia. Hapana mwenye akili atakayemlaumu kwa kamba aliyoikata, kwa kuwa uhai ni mkubwa kuliko chuma. Lakini kukata kuna adabu yake. Anayekata akiwa na nafasi hufunga kitu kinachoelea kwenye ncha ya amari kabla ya kuiachia, ili arudi maji yakitulia azamie aokote alichokiacha, na ili nyavu za wengine zisije kunasa katika chuma kisichokuwa na mwenyewe. Anayekata na kwenda zake, bila ya alama, amewaachia wenziwe mtego kwenye sakafu ya bahari.

Na achukuliwe sasa kijana wa Itaka, ile ya Mbozi, aliyepanda basi kwenda kutafuta riziki Tunduma, au Dar es Salaam, au ng'ambo ya bahari. Wahenga wa pwani wanayo maneno mawili ya kumwambia. La kwanza ni kali: mwacha asili ni mtumwa. La pili limezaliwa chomboni: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yote mawili husemwa kama kwamba yanamkataza kwenda. Lakini ukiyatazama kwa jicho la mwenye amari mkononi, hayamkatazi, yanamfundisha namna. Kwani katika mila za watu wa bara na za watu wa visiwani, hakuna kilicho sawa zaidi na kung'oa nanga kuliko kuaga. Anayeaga hurudi mpaka alipo yule anayemshika. Hukaa mbele ya mama yake, juu kabisa ya kile kinachouma, kamba ikiwa wima, bila ya umbali wa kumficha. Husubiri wimbi, na mara nyingi huwa ni machozi. Kisha anainuliwa, na nanga inatoka, naye huenda nayo ndani ya chombo, tayari kuishusha pengine.

Asiyeaga amekata. Huenda alikuwa na sababu; yako majumba yenye majitu. Lakini kama hakuwa na majitu, kama alikata kwa sababu tu kuvuta kamba kunachosha mikono na kusimama mbele ya mzee kunaumiza, basi anakwenda baharini bila ya nanga. Usiku wa kwanza wa dhoruba ndipo atakapojua kwamba chuma alichokiacha nyumbani hakikuwa kizuizi chake. Kilikuwa mali yake.

Homer anasema kwamba Ithaca ina bandari ambamo vyombo, vikishaingia, hukaa bila ya kufungwa. Bandari ya namna hiyo haipo katika mwambao huu, ambako maji hupanda na kushuka mara mbili kila siku, wala huenda haipo popote palipo na watu. Yaliyopo ni mchanga, mwamba, kamba yenye urefu unaopaswa kupimwa upya kila maji yanapojaa, na mikono ya kuivuta. Ama yule mkulima wa Itaka aliyeiita nanga plau, yeye jioni hulitoa plau lake ardhini kwa kuliinua, hulisafisha udongo, na kulirudisha nyumbani, akijua kwamba kesho litaingia tena.